Muulize Mkwe: Mwenye nyumba ni nani huko kwenu?

Tangu nilipogusia kwamba nimeoa na kuhamia gampong moja ya wilaya ya Pidie, mkoa wa Aceh, kule kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, barua zenu hazijakatika. Gampong ni kijiji. Chetu kina nyumba zisizofika mia, meunasah moja (ukumbi wa sala na mikutano), vilinge viwili vya kahawa na mpunga pande tatu. Aliyeuliza ninapata shilingi ngapi nimemruka. Na yule kijana wa Kilifi anayetaka nimtafutie mchumba "mwenye tabia kama za mkeo" namwomba atulie kwanza asome barua ya dada huyu.

Bwana Mkwe, assalamu alaykum. Umeandika kwamba wewe ndiye uliyehamia kwa mkeo, si yeye kwako. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Hebu tueleze: nyumba ni ya nani, na wewe hapo ni nani? — Mama wa watatu, Tanga

Wa alaykumu salaam, dada. Mwambie shemeji anywe maji, kisha umsomee polepole.

Nyumba ni ya mke wangu. Alipewa na wazazi wake, na siku tukiachana, Mungu apishe mbali, wa kufunga virago ni mimi. Kiacheh mke huitwa po rumoh, maana yake mwenye nyumba. Wazee wakinijulia hali huuliza po rumoh yu hali gani. Miezi ya mwanzo nilidhani wanamuulizia mama mkwe, nikawa nawapa habari za goti lake.

Huku binti akiolewa, anayebeba sanduku ni mume. Mwanzoni mnakaa kwa wazazi wake na mnakula chungu chao. Baadaye, mara nyingi mtoto wa kwanza akishazaliwa, wazazi huwatenga: humpa binti nyumba au sehemu ya nyumba, na wakijaliwa humwongezea kipande cha shamba la mpunga. Kutengwa huko huitwa peumeukleh, na mali anayopewa binti ni peunulang. Ndiyo maana ukipita gampong yetu utakuta nyumba zimekaa kwa upande wa kike: mama katikati, mabinti wamemzunguka, na waume wametoka kila mahali. Wa jirani yangu katoka Bireuen. Wa shemeji yangu mkubwa katoka gampong ya ng'ambo ya mto. Mimi nimetoka Pemba. Kwa kipimo chao sote ni wageni sawa, ila mimi nimechelewa zaidi kujifunza kula kwa mkono bila kumwaga mchuzi.

Wala mume haingii mikono mitupu. Mahari, jeulamee, huhesabiwa kwa mayam za dhahabu, na mayam moja ni kama gramu 3.3. Zangu zilikuwa ngapi sisemi; mke wangu husoma safu hii kwa msaada wa simu yake na tayari ana maoni.

Mwaka wa kwanza tulikaa kwenye nyumba ya kale ya wazazi, rumoh Aceh hasa, ambayo sasa anaishi mama mkwe peke yake. Imesimama juu ya nguzo, na chini yake, wanakokuita yub moh, mtu mzima anapita bila kuinama. Mlango ndio unaokuinamisha: ni mfupi, na hata awe nani anaingia kwa kuinamisha kichwa. Ndani kuna sehemu tatu. Mbele ni seuramoe keue, ya wanaume na wageni. Katikati sakafu imepanda kidogo, na ndiko kwenye vyumba vya kulala. Nyuma ni seuramoe likot, ya wanawake. Mbao zimeshikana kwa vigingi na kabari, hakuna msumari, hata nyumba ikiuzwa hufunguliwa kipande kipande ikapandishwa kwingine. Ezeko ni makuti ya mti wa sago, na lote limefungwa kwa kamba ambayo moto ukishika juu unaikata kwa panga, paa likaporomoka nje na nyumba ikapona. Mama mkwe alinionyesha kamba hiyo siku ya tatu, kabla hajanionyesha choo.

Basi mwaka mzima mimi nilijua seuramoe keue na chumba chetu tu. Mama mkwe, mak tuan, alikuwa akitua sinia, akafunika kawa, akatoweka. Kisha nasikia kikohozi nyuma ya ukuta wa mbao: chakula tayari. Ana kwa ana hatukuzungumza kitu zaidi ya salamu. Nilimwambia mke wangu, mama yako kanichukia. Akacheka. Kumbe mkwe na mama mkwe kuoneana haya ndiyo heshima yenyewe. Angenipigia soga ndiyo ningepaswa kuogopa.

Sasa mwanamume anakaa wapi? Nje. Alfajiri yuko meunasah, ukumbi wa gampong unaotumika kwa sala, kwa darasa za Kurani za watoto na kwa mikutano. Zamani wavulana wakibaleghe walilala huko huko, kwa kuwa nyumbani palikuwa pa mama na dada zao. Baada ya sala yuko keude kupi, kilingeni. Mwenye kilinge huinua chujio la kitambaa, refu kama soksi ya mchezaji wa mpira, akalivuta juu kahawa ikamiminika kama uzi, mara tatu, mara nne. Asiye na hela nyingi huagiza pancong, nusu gilasi, na hukaa nayo saa nzima bila mtu kumtupia jicho. Mwanamume akionekana nyumbani kwake saa nne asubuhi, jirani huuliza kama ana homa.

Wengi hawapo kabisa. Watu wa Pidie ni wafanyabiashara, wenye duka lao kila mji, kama sisi Wapemba tunavyosemwa. Huita jak meurantoe, kwenda kutafuta: Banda Aceh, Medan, Malaysia. Mimi shemeji yangu nilimpata Kuala Lumpur, tukibeba magunia duka moja, na dada yake nikampata kupitia kwake. Siku ya kawaida gampong ni ya wanawake, watoto na wazee, na mambo yanakwenda. Chini ya nyumba utasikia ko-ko-ko tangu asubuhi: wanaponda mulieng. Hizo ni mbegu ndogo za mti wao, hukaangwa kwenye mchanga wa moto, huambuliwa ganda, na kabla hazijapoa hupigwa nyundo juu ya jiwe mpaka zikawa bapa jembamba kama karatasi. Zikikauka juani huuzwa soko la Beureunuen, na vibanzi hivyo huliwa Indonesia nzima. Mke wangu ameponda tangu akiwa na miaka minane. Mimi nilijaribu mara moja, nikaponda kidole.

Kijana wa Kilifi, upo?

Mkwe, mnasalimianaje? Kuna neno lolote la kwao ambalo Mswahili analielewa? — Mwalimu, Dodoma

Lipo la kwanza kabisa. Wakikutana husema "Peue haba?" Peue ni nini, haba ni habari, ndiyo ile ile ya Kiarabu iliyotufikia na sisi. Unajibu "Haba gèt", habari njema. Dunia ni donya, wakati ni watèe, hukumu ni hukom. Zaidi ya hapo usijidanganye, mwalimu. Wali ni bu, maji ni ie, nazi ni u. Mama mkwe akiniita mezani hamalizi hata pumzi moja.

Nalima mpunga Mbarali, na kila msimu tunagombania maji mpaka kufikishana polisi. Huko nani anaamua maji yaende kwa nani? Je, mnavuna mara ngapi? — Mkulima, Mbarali

Kaka yangu, swali lako nililipeleka kwa baba mkwe mdogo, kwa sababu mimi huku ni kibarua wa kuatika miche tu. Alifurahi sana kusikia kwamba na Afrika watu wanapigania mfereji.

Wana mtu wa kazi hiyo, anaitwa keujruen blang. Blang ni bonde la mpunga. Yeye hachaguliwi kwa siasa, huchaguliwa kwa kuwa analijua bonde: mfereji gani unavuja, jaruba gani liko juu, nani hufungua maji usiku. Ndiye anayepanga siku ya kusafisha mifereji, na siku hiyo kila mwenye shamba hutoka na jembe au humtuma mtu. Ndiye anayegawa zamu za maji. Na hulipwa kwa mpunga baada ya mavuno, kwa hiyo bonde likikauka na yeye hana kitu. Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu. Wa kwetu ni mzee mwembamba mwenye baiskeli, na nimemwona akimkemea mtu mwenye gari la fahari kwa sababu ya tope la shubiri moja.

Kuvuna, bonde letu lenye mifereji huvuna mara mbili kwa mwaka mvua na mto vikikubali. Ila hakuna anayeanza peke yake. Kabla ya kushuka bondeni kuna khanduri blang, karamu ya bonde. Watu huchanga, hununuliwa mbuzi au ng'ombe, na wanaume ndio wanaopika, kwenye sufuria kubwa ambayo mtoto angeweza kuogea. Hupika kuah beulangong: nyama, viungo, na fenesi bichi au shina changa la mgomba. Husomwa dua, watu hula pembezoni mwa majaruba, na baada yake kuna siku za mwiko, mtu haruhusiwi kushika jembe bondeni. Nilimuuliza baba mkwe mdogo faida ya mwiko. Akasema: "Panya hawajui shamba ni la nani, wanakwenda kwa aliyepanda mapema." Ukifikiri, wote wakipanda pamoja na kuvuna pamoja, wadudu na panya hawana mahali pa kuhamia.

Yeye bado anahesabu majira kwa kuangalia mwezi unapokutana na nyota za Nge, huita keuneunong. Vijana wanaangalia simu. Mwaka juzi simu ilisema mvua na mzee akasema bado, na mpaka leo hajaacha kutukumbusha nani alipatia.

Mashamba mengi wenyewe wako ng'ambo, kwa hiyo hulimwa kwa mawah: mwenye ardhi anatoa ardhi, mlimaji anatoa jasho, mavuno wanagawana kwa mapatano, mara nyingi nusu kwa nusu. Ng'ombe nao hufugwa hivyo, mnagawana ndama. Ama kuvuna, zamani wanawake walikata kwa mundu, wakapura kwa miguu, na kila mmoja aliondoka na fungu lake. Sasa mashine ya kuvuna huja na lori, siku moja bonde limekwisha. Gunia linajaa haraka, sibishi. Lakini wajane wawili wa upande wetu fungu lao lilikwenda na mashine hiyo, na sijasikia keujruen yeyote aliyewapangia zamu nyingine.

Wana msemo, pangulèe hareukat meugoe: kichwa cha riziki zote ni kulima. Huusema zaidi wale waliofungua maduka Medan.

Mimi mpishi. Ulitaja kwamba wana mbirimbi huko. Wanazifanyia nini? Na ni kweli wana siku maalumu ya kula nyama? — Bi mpishi, Unguja

Bibi wee, ungewaona! Sisi mbirimbi tunatia kwenye mchuzi au achari, nyingine zinaoza chini ya mti. Huku hakuna inayooza. Huziokota zilizoiva, huzianika juani siku nzima mpaka zinyauke, jioni huzitia chumvi, kesho tena juani, tena chumvi, siku kadhaa mfululizo, mpaka zinakuwa kahawia, laini, zimejikunja kama kidole kilichokaa majini. Hiyo ndiyo asam sunti. Hukaa kwenye mtungi miezi. Ukitwanga tatu na pilipili na vitunguu vidogo, ukatia kwenye samaki, hutaulizia ndimu wala ukwaju. Jaribu, jua la Unguja linatosha.

Cha pili nitakachokwambia usikisome kabla ya kula. Wana pliek u. Nazi hukunwa, huachwa siku kadhaa ichache, mafuta hutolewa, na ile chicha inayobaki hukaushwa mpaka ikawa nyeusinyeusi. Harufu yake wiki ya kwanza ilinitoa nje. Huipikia mchuzi wa majani na mboga chungu nzima pamoja: majani machanga ya mulieng, kunde mbichi, papai bichi, wengine hutia konokono wa mtoni. Sasa nikiwa safarini ndiyo ninayoiota.

Siku ya nyama ni meugang, na ni mara tatu kwa mwaka: kabla ya kuanza Ramadhani, kabla ya Idi ndogo na kabla ya Idi kubwa. Husemwa ilianza zama za Sultani Iskandar Muda, aliyetawala kati ya 1607 na 1636, ambaye alichinja na kuwagawia maskini. Siku hiyo barabarani husimamishwa magenge ya miti mitupu, nusu ng'ombe inaning'inia kila hatua, na bei hupita rupia 150,000 kwa kilo bila haya. Hakuna nyumba itakayokubali isinuke nyama. Mtu atakopa.

Na anayeangaliwa zaidi ni mkwe mpya. Nyama ya meugang ya mwaka wa kwanza ndiyo barua yako kwa mama mkwe. Mke akipokea kifurushi, majirani wote wameshakipima kwa macho. Mimi sikuambiwa. Au niliambiwa na sikuelewa, Kiacheh changu kilikuwa cha wiki sita. Nilikwenda sokoni saa tano, saa ambayo wenzangu walikuwa wameshapika, nikarudi na kuku wawili wazuri sana. Mama mkwe alikohoa nyuma ya ukuta, lakini si kile kikohozi cha chakula tayari. Shemeji yangu mkubwa alitoka kwa mlango wa nyuma bila neno, na magharibi kulikuwa na kilo tatu za nyama ya ng'ombe jikoni. Ikasemwa ni zangu. Mpaka leo, siku ya meugang naamka kabla ya adhana.

Tunasikia Aceh watu wanachapwa viboko hadharani. Wewe unaishije? — Msomaji, Nakuru

Ni kweli. Aceh ni mkoa pekee wa Indonesia wenye sheria zake za jinai za Kiislamu; iliyopo ilipitishwa mwaka 2014, na kamari, pombe na zinaa ni miongoni mwa makosa yake. Viboko vinachapwa, na watu hukusanyika kutazama. Mimi sijaenda kutazama na siendi. Mtu akifedheheshwa mbele ya simu mia zinazorekodi, fedheha hiyo haiishi jioni, na watoto wake watarithi video.

Lakini ukiniuliza ninaishije, nitakwambia kesi za gampong yetu husikilizwa meunasah, baada ya isha. Sheria ya mkoa namba 9 ya mwaka 2008 imetaja aina 18 za ugomvi ambazo kwanza zimalizwe kijijini: za mke na mume, za mirathi, za mipaka, za mifugo. Huketi keuchik, ndiye mkuu wa gampong, imamu wa meunasah na tuha peut, baraza la wazee. Mwaka wangu wa nne ng'ombe wa mama mkwe alikata kamba akalala kwenye mpunga wa jirani. Nikasema hadharani kwamba mpunga ule ulikuwa haba tangu mwanzo. Kosa likawa mawili. Kwa kosa la ng'ombe tulilipa mpunga, na kwa kosa la ulimi wangu tukapika wali wa kunata, tukakaa mimi na jirani mkeka mmoja, na bibi mmoja akatufanyia peusijuek: alichovya kifurushi cha majani kwenye maji ya unga, akaturushia matone, akatunyunyizia mchele, akatuwekea tonge la wali. Neno hilo lina maana ya kupoza. Huwafanyia maharusi, mahujaji na nyumba mpya, na pikipiki yangu nayo ilifanyiwa. Jirani na mimi sasa tunagawana gazeti.

Mkeo na wazazi wake waliishi kwenye vita? Wanasema nini? — Mwanafunzi wa historia, Dar es Salaam

Wanasema kidogo, nami siwachokonoi. Wewe wa historia tarehe unazijua: harakati ya kudai uhuru wa Aceh ilitangazwa na Hasan di Tiro tarehe 4 Desemba 1976, hapa hapa kwenye milima ya Pidie, miaka mibaya ya operesheni za jeshi ni 1989 hadi 1998, mapatano ya amani yalitiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005, miezi michache baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tarehe 27 Juni 2023 rais wa nchi wakati huo, Joko Widodo, alikuja Pidie, kwenye kiwanja cha Rumoh Geudong, nyumba iliyotumiwa kutesea watu, kuzindua mpango wa kuwafidia walioumizwa.

Siku hiyo nilitaka kuiangalia kwenye televisheni. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Hakuniambia nizime, alipepeta tu, mchele ule ule, mpaka hotuba ikaisha. Naye akirudi usiku, hata leo, huanza kutaja jina lake kwa sauti tangu barabarani, mita hamsini kabla ya ngazi. Wajukuu wanamwiga kwa mchezo. Mke wangu huwakataza.

Bwana Mkwe, mimi na mke wangu tunakuja Malaysia mwakani na tungependa kupita kukusalimu. Tufike vipi, tulete nini, tuvae nini? — Mzee wa safari, Mombasa

Karibuni sana, Mzee wangu. Kutoka Kuala Lumpur mtapanda ndege hadi Banda Aceh, uwanja wa Sultan Iskandar Muda. Hapo tafuteni basi dogo la kwenda Sigli. Wao huliita L300. Njia inapanda mlima Seulawah, na pale Saree litasimama watu wanunue vibanzi vya ndizi na viazi vitamu. Nunueni, mtafika na njaa. Ni mwendo wa saa tatu hivi, na dereva hatanyamaza.

Mama atavaa kama anavyokwenda harusini Mombasa, atajisitiri vizuri na atapendeza. Wewe kaptura iache. Mkifika nitakupeleka kwa keuchik kabla ya siku kuisha, mgeni anayelala lazima aripotiwe. Atakunywesha kahawa na kukuuliza bei ya ng'ombe Mombasa, basi ujiandae. Kwenye ngazi ya mama mkwe kuna mtungi wa maji: nawa miguu kwanza, kisha toa salamu, kisha panda, na kumbuka kichwa chako mlangoni. Kaa mbele. Mkeo atachukuliwa nyuma na hutamwona mpaka jioni, usimtafute.

Zawadi, leteni sukari na biskuti, hazikataliwi popote. Karafuu msilete. Mimi nilibeba kilo mbili za Pemba, daraja la kwanza, nikampa mama mkwe kama aliyeleta dhahabu. Akazinusa, akamwambia mke wangu jambo, wote wakacheka. Mti wa karafuu ulitoka kwenye visiwa vya Maluku, huku huku Indonesia, ndipo ukaja kwetu. Ilikuwa kama kumpelekea Mlamu samaki.

Na mkishuka barabarani, msiulize nyumba ya Mpemba wala msitaje jina langu, mtazungushwa mpaka usiku. Semeni mnakwenda kwa yule mama wa mulieng, nyumba ya juu karibu na meunasah, aliyeozesha binti wa pili mbali. Mtoto yeyote atawafikisha mpaka kwenye ngazi.